Mialoni Mitatu

Bibi mwenyekiti wa kamati ya viwanja hulamba kidole kabla ya kufunua ramani, hata ikiwa ni karatasi moja tu. Jioni hiyo majirani walifurika ukumbini, kahawa mkononi na hasira kifuani, maana mjenzi Lindqvist alitaka kufyeka miti mitatu ya kona apitishe barabara ya nyumba zake sita. Bibi akalamba kidole, akaburuta ukucha juu ya ramani, akavua miwani.

"Mtaa umeuitaje, mwanangu?"

"Mialoni Mitatu."

"Enhe. Na mialoni yenyewe?"

Lindqvist akakohoa. "Itakatwa."

"Basi uite Visiki Vitatu."

Ukumbi ukaangua kicheko, Lindqvist naye akacheka mpaka machozi. Alipoomba kalamu aipinde barabara kwenye ramani ikwepe miti, bibi alikuwa ameshamnyooshea yake.