Gari Linalooshwa Kila Jioni

Niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa kiti cha nyuma, tunarudi kutoka Kayunga na mananasi, mvua imekatika na barabara inang'aa. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Gari likiongeza mwendo inapanda, dereva akiinua mguu kwenye mafuta inashuka na kupotea chini ya viti. Mwanzoni niliipenda. Siku hizo nilikuwa nimekwama katikati ya riwaya niliyokuwa nikiiandika, na chochote kilichonung'unika kilinifariji. Kisha dereva akanyoosha mkono na kuongeza redio.

Hapo nikaacha kuipenda.

Gari ni la shangazi yangu, ambaye ninaishi kwake Kyebando. Ni la fowili, refu, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na linafika kwa wakulima ambao lori haliwezi kuwafikia. Shangazi ananunua mananasi yao na kuyapeleka kwa watengenezaji wa juisi wa Ntinda. Yeye mwenyewe haendeshi. Dereva wake alitoka Kongo ya mashariki. Ni mtu wa makamo, mrefu, asiyegusa usukani kabla ya kukunja mikono ya shati. Alikuwa na mke na watoto katika chumba kimoja huko chini bondeni, na kazi ile ndiyo iliyowaweka mjini. Akiikosa, kilichobaki ni kambi ya wakimbizi waliyotoka, na mkewe alikuwa ameapa hatairudia.

Shangazi anamwamini Mungu na kufuli. Sisi ni Wanubi, babu zetu walikuja na jeshi, na sijui kama ni damu au mazoea, lakini katika nyumba yetu kila anayeingia hukaguliwa kwanza kwa macho. Aliposikia ile sauti, hakuuliza gari lina nini. Aliuliza lilikuwa wapi.

"Analitoa usiku," aliniambia jikoni, akimenya vitunguu. "Gari haliugui kwa kubeba mananasi."

"Umeliona likitoka?"

"Ningeliona ningekuwa nakuambia wewe? Ningekuwa kituo cha polisi."

Mtego ulikuwa umekwisha tegwa zamani. Miezi kadhaa nyuma alitoa amri kwamba kila jioni, kabla gari halijalala uwanjani kwetu na dereva kuondoka na ufunguo, lipitishwe mahali pa kuoshea magari na liogeshwe mpaka tumboni. Dereva alidhani ni usafi. Mimi nilijua. Likilala safi, alisema shangazi, asubuhi litasema lilikokwenda. Kila alfajiri baada ya swala alilizunguka na tochi ya simu, akipitisha kidole kwenye mifereji ya matairi. Hakuwahi kupata tope. Mtu mwingine angetulia. Yeye alizidi kukunja uso. "Anaosha tena kabla ya kulirudisha," alisema.

Na mimi, nikikumbuka ule mkono uliokwenda kwenye redio, sikumbishia.

Alinituma niende na dereva na gari kwa fundi. "Kazi yako ni kutunga uongo," alisema. "Wa mwenzako utautambua." Uamuzi ulikuwa tayari. Fundi akisema gari limefika mahali ambapo shangazi hakulituma, dereva arudishe ufunguo kesho yake asubuhi na asionekane tena.

Fundi alikuwa Mganda mnene mwenye kofia ya sufu hata juani. Aliegemea mlango wa gari kama anayetaka kumsengenya mtu.

"Inalia wapi?"

"Nyuma," nikasema. "Upande wa kulia."

"Najua, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hata jana mimi nilisikia ikipita, inalia. Nauliza upande gani."

"Kuume," dereva akasaidia.

"Kuume ni wapi tena?"

"Mkono wa kulia ugali, fundi."

"Sasa hata mkono nayo inalia." Alicheka mpaka kofia ikamshukia machoni. Dereva alitabasamu nusu, kisha akanitazama, na tabasamu likakatika. Alijua nilikuja kufanya nini.

Tulitoka hadi barabara kubwa ya mzunguko. Fundi alikaa mbele, mimi nikalala kifudifudi nyuma juu ya turubai, sikio kwenye bati la sakafu, puani harufu ya mananasi yaliyochacha. Sauti ilinijia mfupani. Kutoka huku chini haikuwa tena wimbo. Ilikuwa mngurumo wenye mchanga ndani yake, na haikuwa kulia wala kushoto, ilikuwa katikati, chini ya kifua changu.

"Yumbisha," fundi alimwambia dereva. "Kushoto. Sasa huku."

Gari lilipinda, uzito ukahamia upande mmoja, ukarudi mwingine. Beringi ya gurudumu ikiwa mbovu, fundi alieleza bila kugeuka, ukiikandamiza hivyo inapiga kelele zaidi, ukiipunguzia mzigo inanyamaza. Hii haikujali tulipinda wapi.

"Toa mguu."

Dereva akaachia mafuta. Sauti ikazama.

"Kanyaga."

Ikarudi na njaa yake.

"Si beringi ya gurudumu," nikasema kutoka sakafuni.

"Ni difu," akasema fundi, na dereva alisema neno hilohilo karibu wakati mmoja naye. Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambamo meno yanagawa nguvu kwa magurudumu mawili. Nilijiuliza dereva amejuaje upesi hivyo. Siku hiyo kila jambo alilolijua lilimharibia, na kila asilolijua pia.

Gereji, fundi aliingia chini na beseni kuukuu, akafungua skrubu ya chini ya difu. Nilichuchumaa nione. Nilitarajia mafuta meusi. Yalimwagika mazito, yenye povu, rangi ya chai ya maziwa.

Hata mimi, ambaye wiki moja kabla sikujua kama ekseli ina mafuta, nilielewa kwamba hayo yalikuwa maji.

"Hii gari imeogerea," fundi akasema, akijivuta nje. "Kweri kabisa. Imeingia kwa mto mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni.

"Hapana," dereva akasema.

"Wewe unasema hapana, mafuta inasema ndiyo."

"Sijapita mu mto hata siku moja. Njia ya mananasi iko na matope, mto haina."

"Watu wa Kongo, kuvuka maji ni kazi yenu."

"Nanyi mvua ikinyesha munavuka mfereji wa Nakivubo na viatu mu mkono. Ile hamuiiti mto?"

Fundi alicheka, lakini dereva hakuwa ametania. Alichovya kidole kwenye beseni, akayasugua yale mafuta kati ya vidole na kuyatazama kwa muda mrefu. Nilimwangalia kama ninavyowaangalia wahusika wangu kabla sijaamua kama wataishi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa. Haukuwa wa mtu asiye na lake pia.

Nilisogea pembeni nikampigia shangazi.

"Maji?" alisema.

"Fundi anasema mto."

"Mto gani?"

"Hajui."

"Wenye kuujua wapo. Mwambie alete ufunguo kesho asubuhi."

Sikumwambia. Nilirudi nikasimama karibu na gari huku fundi akisafisha difu na kutia mafuta mapya. Alisema meno bado mazima, beringi za ndani zimeanza kuchubuka, zitavumilia zisipokunywa maji tena. Alisema hivyo akimtazama dereva.

Tuliondoka mimi na dereva tu. Sauti ilikuwa imepungua, ingawa bado ilikuwepo, kama ugomvi wa chumba cha pili. Redio haikuwashwa. Msongamano ulitushika karibu na Ntinda, tukasimama, tukasogea, tukasimama, na nikaona nisipouliza sasa nitauliza nikiwa nimeshachelewa.

"Kwa nini uliongeza redio siku ile?"

Hakujifanya kusahau ni siku gani.

"Gari ikilia, dada, wa kwanza kufukuzwa ni dereva. Nilitaka nijue kwanza ni nini. Nikijua, niende kwa Mama na jibu. Nisiende na kelele tu."

"Ungemwambia."

"Ningemwambia, angeuliza nilikuwa wapi."

Nilitazama nje. Ndivyo shangazi alivyouliza kuhusu gari.

Tulipofika Kyebando alipinda kuelekea mahali pa kuoshea, kama kila jioni. Amri ilikuwa haijaondolewa. Muoshaji, mwanamume mwenye buti za mpira na mpira wa maji begani, alimsalimu kwa kunyoosha kidevu na kuanza kazi bila kuulizwa. Aliosha ubavu, akaosha matairi, kisha akainama na kuelekeza maji nyuma, chini ya tumbo.

Ekseli ikafoka. Lilitoka wingu la mvuke na sauti ile ya kikaango kinapotiwa maji kingali motoni. Tulikuwa tumetembea mbali, juu ya lami yenye joto, na chuma chote kilikuwa kinachoma.

"Ngoja," nikamwambia muoshaji.

Nilipiga magoti kwenye tope la sabuni. Siku ile nilikuwa nimezoea kushuku kila kilicho chini ya gari, na sikuona sababu ya kuacha. Juu ya ekseli kulikuwa na kijibomba kifupi, wazi, kisichozidi ncha ya kidole. Kingo zake zilikuwa na mabaki ya mpira uliokatika. Maji yalikuwa yametuama kukizunguka, kwenye kitako cha tope lililokauka. Nilikuwa nikiyatazama tu, na yakawa yanapungua. Hayakumwagika popote. Yalikuwa yanaingia.

Niliweka kidole juu ya tundu. Kikavutwa, kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi kwa kuogopa kusikika.

"Njoo uone," nikamwambia dereva.

Aliinama, akaweka kidole chake. Alikaa hivyo. Kisha alinieleza taratibu, akijieleza mwenyewe pia, kwamba ndani ya difu kuna hewa, ikipata moto inatanuka na kutokea hapo, ikipoa ghafla inajikunja na kuvuta chochote kilicho karibu. Kile kijibomba kinatakiwa kiwe na mpira mrefu unaopanda hadi juu ya bodi, pasipofika maji. Mpira ulikuwa umekatika, hakujua lini. Hakuwahi kutazama huko.

"Na kila jioni tunaimwagia maji baridi ikiwa moto," akasema.

"Kila jioni."

"Gari imekunywa hapa. Si mu mto."

Alisimama, akajifuta magoti. Muoshaji alitutazama mmoja baada ya mwingine, akazima maji, akawasha sigara.

"Dada, nikuulize. Kesho tunarudi mu matope. Keshokutwa pia. Kwa nini Mama anataka gari ioshwe kila siku?"

Ningeweza kusema usafi. Nilikuwa na uongo mwingi tayari, ndiyo kazi yangu, shangazi alikuwa amesema. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, na kule kuchelewa kulimtosha.

"Ee," akasema. "Ili aone tope."

Akaketi kwenye tairi kuukuu lililolazwa pale. Akacheka bila sauti, mabega tu.

"Miezi yote hii nilimwambia mke wangu, bosi wangu ni mama msafi sana."

Shangazi alitungoja sebuleni, miguu imekunjwa kwenye mkeka, simu mbele yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilianza na mafuta ya rangi ya chai, nikamweleza kijibomba na kidole kilivyovutwa. Nilipomaliza, alilainisha pindo la mkeka.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeharibu gari langu."

"Ni maji, Shangazi."

"Yaliagizwa na nani?"

Nilijifuta tope la sabuni magotini.

"Na redio?" akauliza. "Redio niliiagiza mimi pia?"

Alimwita dereva aingie. Dereva akavua viatu mlangoni, akabaki hapohapo karibu na pazia, ufunguo mkononi. Alijibu kuhusu redio kama alivyonijibu mimi, isipokuwa aliruka ile sehemu ya "angeuliza nilikuwa wapi." Shangazi aliisikia pale ilipokosekana. Nilimwona akiisikia.

"Ulinificha," akasema.

"Nilificha, Mama."

"Nami nilikupima."

"Ndiyo, Mama."

Hawakuombana msamaha. Feni ilizunguka juu yao. Nilihesabu kwamba angeweza kumfukuza kwa redio peke yake, na kwamba watu wote wa Kyebando wangeona ana haki. Shangazi alitazama ule ufunguo, kisha akaondoa macho.

"Kesho kuna mananasi," akasema. "Tafuta mpira mpya wa hicho kijibomba. Na usilioshe tena mpaka nikuambie."

Dereva hakuondoka. Alisogea hatua moja mkekani, akainama, akaweka ufunguo mbele ya goti la shangazi.

"Mpira nitafunga asubuhi. Lakini hii ilale kwako, Mama. Kila usiku. Nitakuja kugonga, unanipa. Kitu kikiharibika usiku, mimi sikuwa nayo."

Alisema kwa heshima zote, kichwa chini. Kisha akarudi kinyumenyume, akavaa viatu, na tukasikia hatua zake zikishuka kuelekea bondeni kwa mkewe.

Shangazi aliuchukua ufunguo, akaupima kiganjani. Alipoinuka, aliufunga kwenye ncha ya leso yake, fundo mara mbili. Nilikuwa nimeshafika jikoni kubandika chai aliponifuata, akafunga mlango nyuma yake na kuteremsha sauti.

"Kwa nini anataka nikae nao mimi?"