Mafaili Aliyoyafungia Stoo

Habari za kifo chake nilizipata dukani, nikisubiri kupimiwa sukari: yule karani wa mafaili wa hospitalini kwetu Ifakara kazikwa jana kijijini Idete. Nilitaka kusema alikuwa mtu mwema, nikaishia kulipia sukari na kuondoka. Alikuwa mwema, ndiyo, na wema wake uliua. Kosa la pili lilikuwa langu, nitalifikia.

Marehemu alikuwa na desturi aliyoirithi kwa makarani waliomtangulia: mgonjwa akifariki, faili lake hutolewa kabatini na kufungiwa stoo, maana kulichanganya na ya walio hai ni kuwakaribishia mauti. Basi akaja daktari mgeni aliyekuwa akilinganisha vituo vya nchi mbalimbali vinavyotibu sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaojaza makohozi mazito mapafuni mwa mtoto, hata mama akimbusu anaonja chumvi. Kituo chenye vifo vingi zaidi ndicho kingeletewa dawa. Mgeni akaomba mafaili. Karani akampa yaliyokuwa kabatini, matatu, watoto wote hai. Baada ya miezi kadhaa faksi ya pongezi ikaingia: kituo chetu hakikuwa na kifo hata kimoja. Tumewapita hata Wazungu! Nami, mjinga wa wajinga, nikazitangaza sifa hizo kwenye safu yangu hii hii gazetini. Dawa zikaenda nchi nyingine.

Mama mmoja wa Michenga, ambaye binti yake alikuwa mmoja wa wale watatu, akamfuata karani dirishani. "Shikamoo baba. Dawa za mwanangu zimefika?" Hapo ndipo mzee alipoelewa alichokifanya. Akafungua stoo, akabeba mafaili ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo huo, akayapeleka kwa mkubwa wake. Nilikuwepo ofisini, nimefuata habari za gazeti. Mkubwa hata hakuyagusa.

"Mzee, ripoti imeshakwenda. Unataka tuaibike?"

Karani akanigeukia mimi. "Basi andika wewe, mwandishi."

Nikamjibu kwamba nitaangalia kama nafasi ipo. Nafasi! Niliogopa tu kujikanusha mbele yenu.

Binti alikufa kabla mpunga haujavunwa. Tangu siku hiyo karani hakuitikia salamu yangu, na alikuwa na haki. Leo naandika, nimechelewa vibaya mno. Ndugu wasomaji, mkionyeshwa hospitali inayojivunia watu iliowaponya, msikimbilie kupiga makofi. Ulizeni kwanza wafu wake imewaweka wapi.