Raba Chini ya Kiti

Keti nikusimulie. Jana gurudumu la baiskeli ya mwanangu lilikuwa likisuguana na matigadi, na harufu ya raba iliyopata moto ikanirudisha moja kwa moja kwenye mteremko wa nyuma ya jengo letu, Hallunda, huko Uswidi.

Nilikuwa na miaka tisa. Theluji ikishayeyuka, watoto wa mtaani kwetu walishindana kwa lådbil. Ni gari la mbao, halina injini wala pedali. Unakaa ndani, unaachiwa, mteremko unafanya kazi yote. Mimi nilitaka jambo moja tu: kumshinda Yusufu wa ghorofa ya chini, ambaye wazazi wake walitoka Tanga na mdomo wake haukujua likizo.

Baba ndiye aliyelitengeneza gari langu. Kwao Goma alikuwa fundi wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba mizigo, kwa hiyo alishika randa kama anayesalimiana na rafiki. Magurudumu tuliyatoa kwenye kigari cha mtoto kilichotupwa. Tulipolijaribu likiwa tupu, liliteremka kimya, likavuka nyasi, likaenda kusimama kwenye mchanga wa bembea.

"Mama, hii hakuna mutu ataifikia," baba aliniambia, akiniita mama kama Wakongo wanavyowaita binti zao kwa mapenzi. Nilimwamini.

Siku ya mashindano nilikaa, nikaachiwa, gari likajikokota. Harufu ya kuungua ikanipanda puani. Yusufu akanipita, hata wadogo zake wakanipita.

"Dada, umebeba mihogo ya Kongo nzima?" aliniuliza nilipofika. "Ungeshuka tu, ukatembea."

Nyumbani nililipindua gari. Chini ya kiti baba alikuwa amepigilia kipande cha tairi, kama breki ya chukudu. Gari likiwa tupu hakikugusa kitu. Nilipokaa, ubao ulibonyea na raba ikakamata gurudumu.

Nilimuuliza kwa Kiswidi, makusudi, kwa nini amenifanyia hivyo.

"Nilitaka ufike," alijibu kwa Kiswahili, akaendelea kula.

Nilipokuwa mtu mzima, shangazi alinieleza habari za mdogo wao, aliyeteremka kilima na chukudu ya makaa isiyo na breki. Yeye hakufika.

Basi nimemwelewa baba. Ila bado inaniuma, na si kwa ajili ya raba. Alinitazama usoni akaniahidi ushindi, huku nyundo ikiwa mkononi.

Ukimtengenezea mtoto gari, weka breki. Iweke mahali atakapoiona, na umwambie kabla hajakaa.