Maji ya Mzee Bakari

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kama niliyoamka nayo leo. Ilikuwa siku ya kupandishwa bendera ya Uhuru, na kwaya yetu ya kanisa ilikuwa imealikwa kwenda kuimba Kwale, na lori la kutuchukua lilikuwa tayari. Mimi ndimi niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Asubuhi hiyo shangazi yangu Kadzo, aliyenileta Msambweni kutoka kwetu Taru, alishikwa na homa hata asiweze kusimama. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Lori liache liende. Mzee Bakari hana mwingine wa kumwosha."

Mzee Bakari alikuwa mvuvi, Mwislamu, aliyepatwa na ukoma. Dawa alipewa hospitali, lakini vidonda vya miguu vilitaka kuoshwa na kufungwa kila asubuhi, na watu walimwogopa. Hata bintiye, Mwanasha, alikuwa akimwekea chakula kizingitini, akiita "Baba, chakula," kisha huyo, akaondoka. Shangazi ndiye aliyekuwa akiingia ndani miaka yote, wala kanisani hakuna aliyewahi kumtaja.

Nilikwenda, mwanangu, lakini moyo ulikuwa ndani ya lori. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaanza kuosha kimya. Punde akasema, "Binti, waniosha kama afuaye nguo za mtu aliyegombana naye."

Nikaona haya, nikamweleza habari ya kwaya.

"Basi niwie radhi, nimekukosesha sherehe," alisema. "Lakini ukija tena, njoo mzima. Usiniletee mikono peke yake."

Maneno hayo yalinichoma. Shangazi hakupona upesi, kwa hiyo nikaenda kesho yake, na keshokutwa, na masika yakaanza ningali naenda. Sitakudanganya: sikuona nuru wala kusikia malaika. Niliona usaha, na matambara ya kuchemsha. Siku nyingine niliomba njiani nipate sababu ya kurudi. Lakini bandubandu huisha gogo. Mwanasha alianza kukawia mlangoni. Kwanza alisimama nje. Baadaye akawa anaegemea mwimo wa mlango, akiitazama mikono yangu.

Asubuhi moja ya mvua aliingia, akachuchumaa kando yangu. "Dada, nipe hilo beseni."

Nikampa. Akamimina maji ya vuguvugu miguuni. "Baba," akauliza, "maji hayakuunguzi?"

Miguu ya Mzee ilikuwa imekufa ganzi zamani. Hata kaa la moto asingalilihisi. Aligeuza uso ukutani.

"Hayaniunguzi, mwanangu," alisema. "Ni mazuri sana."

Nikatoka nje nikawaacha.

Basi, mwanangu, nakuusia hivi. Mungu akikutuma mahali pasipo na makofi, usikae hapo kama mfungwa. Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa akaosha miguu ya watu, na mmoja wao alikuwa akienda kumsaliti. Usiulize ni nani akuonaye. Huenda yuko mtu mlangoni, mwoga, anayejifunza kwako namna ya kuingia. Nenda leo, nenda na kesho, hata siku usiyotaka. Mtenda jambo asishe ni kama asiyetenda. Mungu akutie nguvu mikononi na upole moyoni, na siku yako ya udhaifu akujalie mtu wa kuketi nawe. Amina.