Inchi Moja ya Kupumulia

Mume wangu ni fundi cherehani kama mimi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Kila msimu wa baridi biashara ya nguo hapa ugenini, mtaani Malvern, inadoda, na kila msimu wa baridi yeye huvuka mpaka akapanda milimani kule Lesotho, kwenye hoteli ambayo watu wanalipa pesa nzuri ili wakaanguke kwenye theluji. Msiniulize starehe gani hiyo. Kazi yake ni kuendesha trekta dogo lililofungwa mashine kwa mbele, mdomo mpana wenye visu vinavyozunguka, unaokula theluji ya barabarani na kuitemea pembeni. Mtu wa Tanga huyo, ambaye kwao mvua ikinyesha kidogo tu alikuwa anatafuta sweta. Mwaka wa kwanza nilimcheka sana. Mwaka wa pili akanisimulia habari ya kijiti, na kicheko kikaniisha.

Visu vile vinazungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye injini. Mkanda ukilegea unateleza, visu vinasimama. Inavyotakiwa ni kuzima injini, kushuka, na kuukaza. Lakini kwenye baridi ile injini ikizimwa inasusa kuwaka, kwa hiyo bwana wangu akagundua kwamba ukishuka huku inanguruma, ukaukandamiza mkanda kwa kijiti, visu vinarudi kazini. Alinieleza kwa majivuno, utadhani kagundua umeme. Nikamwuliza, "Mkono wako unakuwa wapi wakati huo?" Akasema, "Karibu karibu." Tangu siku hiyo akinitumia picha nahesabu vidole vyake kwanza, uso baadaye.

Mwaka huu, katikati ya Julai, mkanda ukakatika kabisa. Ulikuwa umechakaa mpaka namba yake imefutika. Alinitumia ujumbe wa sauti jioni: upana nusu inchi, urefu wa nje inchi hamsini na mbili, kaupima mwenyewe kwa tepu yake ya kushonea. Gari la mboga la hoteli lingepita Malvern asubuhi, nimpe dereva mkanda, ungefika mchana. Mimi nilifurahi. Nilijiambia mkanda mpya utabana vizuri, na habari za vijiti zitakwisha.

Asubuhi nikaenda kwenye duka la spea la Mkongomani mmoja, Jules Street, baada ya roboti ya pili, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Mikanda imening'inia ukutani kuanzia dari mpaka sakafuni, na yeye anaijua kwa kuishika tu.

"Mama, ile ya zamani iko wapi?" akaniuliza.

"Imekatika, iko mlimani. Nina vipimo."

"Bila ya zamani ni kubahatisha tu, mama."

Nikamwambia nimepima watu miaka ishirini, asinifundishe kupima. Mdomo wangu huo. Na nilipofungua huo mdomo kumtajia urefu, nilisema hamsini na tatu.

Sikukosea kusikia, wala sikusahau. Niliongeza inchi moja kwa makusudi, tena bila kufikiri. Fundi hakati nguo kwenye kipimo kamili. Unampima mtu kiuno, unaongeza nafasi ya kupumulia, ndipo unakata. Suruali ikizidi utaipunguza, lakini ikipungua umeshaharibu kitambaa cha watu. Mkono wangu umezoea hivyo, na ulimi nao umezoea. Mkongomani akashusha mkanda, akaandika risiti, nikaupeleka kituo cha mafuta, nikamkabidhi dereva wa mboga. Nilirudi kibandani kwangu moyo mweupe.

Kama saa sita hivi akaja mteja wangu mmoja, mlinzi, kupima suruali ya kazi. Nikamzungushia tepu kiunoni, nikaandika. Akachungulia daftari.

"Dada, mbona thelathini na sita? Tepu imesema thelathini na tano. Suruali ya mwisho ulinishonea gunia, natembea nimeishika kwa mkono."

"Hiyo ni nafasi ya kupumulia," nikamjibu. "Kila fundi anaweka."

Kila fundi anaweka. Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Na bwana wangu ni fundi. Kapima kwa tepu yake ya kushonea. Kama nami nimeongeza bila kufikiri, yeye je? Basi mkanda ule si mrefu kwa inchi moja. Ni inchi mbili, na uko njiani unamwendea.

Nilimwacha mlinzi wa watu kasimama na tepu kiunoni nikapiga simu. Haipatikani. Kule mtandao upo mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya hoteli. Nikampigia dereva, naye keshavuka mpaka, namba yake ya huku imekufa. Nikatuma ujumbe wa sauti: usiufunge huo mkanda. Nikatuma wa pili: ukiufunga, usiushike. Wa tatu sikumbuki nilisema nini, nilikuwa nalia.

Nikarudi mbio kwa Mkongomani. Nilimwuliza mkanda ukizidi inchi mbili unakuwaje. Aliniangalia, hakunicheka, ingawa nilistahili.

"Itateleza, mama. Itatoa moshi."

"Na mtu akiukandamiza kwa kijiti huku injini inawaka?"

Alipeleka macho kwenye mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya meza, akauondoa, akautia mfukoni. Sikuuliza zaidi. Akanipa mkanda wa hamsini na moja, akasema nimtumie bwana picha ya namba yake.

Saa zile sitaki kuzirudia. Nilikaa kwenye cherehani nisishone chochote. Nilimwomba Mungu vidole kumi, nikimtajia kimoja kimoja, kana kwamba Yeye hajui kuhesabu: gumba, shahada, cha kati. Fundi asiye na vidole ni nini? Ndivyo nilivyowaza, na naona haya kuandika kwamba niliwaza kazi kabla ya maumivu yake.

Alasiri simu ikaita, ya video. Uso wake, kofia ya sufu, anahema.

"Nionyeshe mikono," nikasema.

"Salamu kwanza, mke wangu."

"Mikono!"

Akanionyesha wa kulia. Nikasema huo mwingine. Akabadilisha simu, akanionyesha wa kushoto. Vyote vilikuwepo, vyekundu kwa baridi. Nikashusha pumzi.

"Mkanda umefika," akasema, "lakini unapwaya. Nimepanda huku kilimani nikuulize uliagiza ngapi."

"Wewe ulipima ngapi? Usinidanganye."

"Hamsini na moja. Nikaongeza moja."

"Na mimi nikaongeza moja."

Tukaangaliana kama wezi wawili waliokutana dirishani. Angekuwa mbele yangu ningemzaba kofi, kisha ningemkumbatia. Nilikuwa nimeanza kucheka, nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nimeanza kucheka, ndipo nyuma yake, mbali chini ya kilima, nikasikia injini inawaka.

"Ni nani huyo?"

"Mwenzangu. Nilimwambia asubiri, lakini bosi anataka barabara ifunguliwe kabla wageni hawajafika."

"Na mkanda ukiteleza atafanya nini?"

Alinitazama. Sijawahi kumwona bwana wangu na sura ile, hata siku aliyozikwa mama yake.

"Nani kamfundisha kijiti?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

Alikimbia. Simu aliishika bila kuikata, na kwa bahati mtandao haukupotea, nikawa naona theluji, mbingu, kiatu, theluji. Nilisikia pumzi zake na mngurumo ukikaribia. Alikuwa anaita jina la mtu yule, na upepo unalichukua. Kisha mngurumo ukabadilika, ukawa mkali, kama mkanda unapoteleza, kisha ukakatika ghafla. Kimya. Sikujua kama ufunguo ndio uliozima injini au ni kitu kingine kimekwama ndani ya visu. Tangu mchana nilikuwa nimeomba vidole kumi tu. Vya mtu huyu sikuvitaja hata kimoja.

"Nimewahi," sauti ya bwana wangu ikasema mwishowe. "Kijiti alishakishika. Nimezima."

Nikamwambia anipe huyo mtu nimwone. Akatokea kwenye kioo, mtu mzima, ndevu zina theluji, kajifunga blanketi begani. Hakuwa ameelewa kwa nini rafiki yake amemrukia vile. Alidhani nimepiga simu kuuliza kama mzigo wangu umefika. Akainua mkono, akanipungia, vidole vyote mbele ya macho yangu.

"Kea leboha, 'm'e," akasema.

Sesotho yangu ni ya sokoni, lakini hilo nalijua: asante, mama. Alikuwa ananishukuru kwa ajili ya mkanda. Nilifungua mdomo nimjibu, mdomo huu wangu usiokosa la kusema, nikashindwa.