Mbuzi ya Bibi Kwenye Kabati la Kioo

Enzi zetu penseli moja ilikatwa vipande vitatu, kila ndugu akapata chake, na kifutio kilikuwa kidole na mate. Mliosoma Mambrui wakati ule mnajua. Rangi ya kijani tuliitoa kwenye majani, ya manjano kwenye bizari tuliyoiiba jikoni, ndiyo maana michoro yetu ilinukia mchuzi.

Tulipokuwa darasa la sita, Mwalimu Karisa aliyetufundisha kuchora alitupakia kwenye lori la mchanga, akatupeleka makumbusho Malindi. Kila mtoto alitakiwa kuchora kitu kimoja, akamalizie nyumbani, na michoro mitano iliyo bora ingetundikwa ukutani mle wageni waione. Niliutaka ukuta ule kuliko nilivyotaka viatu vya Idi. Bibi yangu, aliyenilea, hakuwahi kuingia jumba lile. Alisema hana shughuli nalo. Nilijua mchoro wangu ukiwa mle, atakuja.

Tukapiga kura. Wenzangu wakapata upanga, sahani ya Kichina, taa ya shaba. Mimi nikaangukia mbuzi ya kukunia nazi, kitu ambacho kwetu paka alikilalia. Nilinuna, nikachora harakaharaka, nikarudi nyumbani.

Bibi aliutazama mchoro akacheka hata leso ikamwanguka begani.

"Mbuzi isiyo na meno itakuna nini, mjukuu wangu? Hebu kaa hapa ukune. Mkono ukishajua, jicho litajua."

Nikakuna wiki nzima. Tulikula wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mpaka majirani wakaanza kukwepa bakuli zetu. Vidole vilichubuka, lakini nilikijua kila kijino cha chuma kile, na kiti kilivyobonyea upande wa kushoto, kwa sababu Bibi alikuwa na goti bovu la kulia na daima aliegemea kushoto. Nikaichora upya, na mbonyeo wake.

Mwalimu Karisa aliushika mchoro kwa muda mrefu.

"Umechora vizuri sana, Mwanakombo. Lakini hii siyo ile ya makumbusho. Hii ni ya kwenu."

Nililia njia nzima. Bibi akanipangusa machozi, akaubandika mchoro jikoni juu ya mafiga. "Makumbusho yangu ni haya," akasema. Moshi ukaumaliza pole pole.

Siku hizi mwalimu wa kuchora ni mimi. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu palepale. Hawa wana rangi za kila aina, lakini wanakipiga kitu picha kwa simu, kisha wanakipa mgongo na kuchora ile picha. Tui wanalijua la pakiti. Mmoja aliniuliza kama ile mbuzi ni baiskeli ya mtoto. Nilicheka, maana mbuzi iliyomo kwenye kabati sasa ni ya Bibi. Ile ya kwanza ililiwa na mchwa, na Bibi alipofariki na jiko lake kuvunjwa, mjomba wangu aliipeleka ya kwetu badala yake.

Furaha, msichana wa Vitengeni, alichora kiti kimenyooka kama rula.

"Rudia," nikamwambia. "Kimelala kushoto."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Bibi yangu alikuwa na goti bovu."

Alinitazama, akaitazama mbuzi, akaiweka simu chini. Akachuchumaa mbele ya kioo mpaka adhuhuri.

Mchoro wake umetundikwa. Enzi zetu vitu hivi vilikuwa vya kukalia, leo ni vya kutazamwa tu, na hilo laniuma kidogo. Lakini niliposimama mbele ya ukuta ule nikauona mbonyeo wa kushoto, nilifurahi mno. Bibi ameingia makumbusho hatimaye, na amekaa vilevile alivyozoea kukaa.