Namba Mbili Hatazami Njia

Ngurumo ilitangulia. Vikombe vilitetemeka kabatini, kuku wakajibana chini ya ghala, na sisi watoto tukakimbilia uani kuitafuta ndege ya kivita ambayo tayari ilikuwa imeshavuka paa letu na kubaki nukta juu ya mashamba ya ngano. Mama hakutoka hata mara moja. Alishika meza kwa mikono miwili mpaka kimya kirudi.

Baba alikuwa rubani wa kikosi hicho, ambacho wenyewe walikiita Kozi, kwa jina la yule ndege mwindaji. Alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, yeye na kiongozi wake, Meja Barasa, siku moja, milimani. Mjini kwetu ilisemwa kwamba baba alimgonga kiongozi wake angani akamuua. Hakuna aliyetuambia hivyo usoni. Lakini mama alipomwona Mama Sela, mjane wa Meja, akija sokoni, alivuka barabara, nami nilikua nikidhani kila mtu ana mtu wake wa kumvukia barabara.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, nilikuwa nimeshachapisha hadithi mbili tatu majaridani, nikaona niandike historia ya Kozi kabla haijapotea. Ndege zake zilikuwa zimeanza kuegeshwa nyasini kwa kukosa vipuri. Mstaafu mmoja akanieleza kwamba siku ile ndege ziliruka tatu, na rubani wa tatu bado yu hai, anaishi Mombasa, Kibokoni. Nilijiapia kwamba kama maneno ya mjini ni kweli, nitayaandika. Mama nilipomwambia ninakokwenda, alisema tu, "Ukiyasikia mabaya, usiniletee."

Nairobi nilipanda garimoshi la jioni. Nilishiriki chumba na fundi cherehani wa Kizingo aliyenigawia nusu ya mkate wake wa mofa bila kuniuliza jina. Namshukuru mpaka leo, maana kwa hofu nilikuwa nimesahau kula.

Mombasa, asubuhi. Joto lilinipokea kama taulo lenye maji moto. Nilitembea kutoka stesheni hadi Mji wa Kale, na vichochoro vilipoanza kubana nikawauliza wazee waliokaa barazani.

"Wamtafuta nani, mwanangu? Rubani?" mmoja akacheka. "Fuata njia hii. Ukimwona mtu atizama mbingu kama adaiwa nazo, na hata baiskeli hana, ndiye huyo."

Kapteni Athumani alikuwa mlangoni kwake, mrefu, kikoi kimefungwa barabara, shati jeupe limepigwa pasi. Nilimpa shikamoo, nikataja jina la baba.

Alinitazama paji la uso, kisha masikio.

"Marahaba," akasema. "Masikio ni yake. Zuhura! Ndoo umwone mwana wa Nzioki!"

Mkewe, Bi Zuhura, alinikalisha mbele ya mahamri na mbaazi kabla sijamaliza kusalimu. Kapteni alinisimulia Kozi tangu mwanzo: vijana wachache waliotumwa ng'ambo baada ya uhuru, baridi iliyowapasua midomo, kisha ndege za kwanza ambazo wenzao weupe walikuwa wamezichoka. Siku ya kwanza walipopita juu ya sherehe ya taifa, alisema, walizikaza ndege karibu karibu mpaka umati ukadhani zimefungwa kamba.

"Nayo siku ya baba?" nikauliza.

Kikombe chake kilitua.

"Wote waliokuja hapa waliniuliza kasi na mizinga," akasema. "Maliza chai. Twende nje."

"Mwache mtoto ale!" Bi Zuhura akasema. "Huyu mume wangu, mwanangu, alitaka na mimi nimfuate nyuma kama jeshini. Mwaka wa kwanza wa ndoa nikamwambia, njia hii ni ya watu wawili, si ya ndege."

Ndia Kuu, kabla ya adhuhuri. Maduka ya vinyago yalikuwa wazi, watu wamejaa. Kapteni alinisimamisha upande wake wa kulia, nyuma kidogo.

"Mimi kiongozi, wewe namba mbili. Tizama mshono wa bega langu. Usitizame njia, wala miguu yako. Nikienda kushoto, wenda kushoto. Nikikimbia, wakimbia. Ukiuacha mshono, wafa."

Tulianza polepole. Niliona mshono tu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Akakata kona, nikakata. Akaongeza mwendo, nami vivyo hivyo. Nilisikia harufu ya ubani, sauti ya nyundo, watoto wakinicheka, lakini sikuviona. Nilianza kujivuna kwamba nimeweza. Akajipinda kidogo kupita mahali, nami nikajipinda kama yeye, na goti langu likagonga mkokoteni wa mitungi ya maji. Mtungi mmoja ukaanguka ukabingirika.

"Ewe!" mwenye mkokoteni akapiga ukelele. "Mato yako umeyasahau kwenu bara?"

"Musa, usimlaumu," Kapteni akasema kwa upole. "Alikuwa akinifuata mimi. Ameifanya kazi yake sawasawa."

Nilibaki nimeshika goti. Musa alikuwa akiuokota mtungi wake akinung'unika. Kapteni alimsaidia kuupakia, kisha akanikalisha kwenye kizingiti cha duka lililofungwa.

"Siku ile baba yako alikuwa namba mbili, mimi namba tatu, upande wa pili," akasema. "Saa yangu ya mafuta ikaganda. Meja akaniamuru nipande juu, nirudi kambini. Nilipogeuka nikawaona chini yangu wakiingia winguni, wako sambamba kama vidole viwili. Mlima ulikuwa ndani ya wingu lile. Meja hakuuona. Nzioki hakutakiwa hata kuutafuta."

"Watu wanasema waligongana."

"Watu hawakupanda mlima. Mimi nilipanda na watafutaji. Tulikuta makovu mawili ardhini, kando kwa kando. Nilisimama kati yake nikapima kwa jicho. Nafasi ilikuwa ile ile tuliyozoea kuruka nayo. Baba yako hakumgusa mtu. Alikaa mahali pake mpaka mwisho."

Nililia pale kizingitini, na wapita njia wakatupisha kwa heshima, kama watu wanaopita msibani.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nilikwenda. Nduguye alinizuia mlangoni, akasema mamako hataki kusikia habari ya ndege. Nikaona ni haki yake, nikangoja mtu aulize." Alijipangusa jasho. "Ahsante kwa kuuliza, mwanangu. Nilichoka kuwa nayo peke yangu."

Nilikwenda Mombasa kuomba, nami nikashukuriwa.

Nililala kwao siku mbili. Bi Zuhura alinikanda goti kwa mafuta ya nazi, akinitania kwamba mimi ndiye namba mbili wa kwanza kurudi na jeraha la mkokoteni. Kuondoka kwangu walinisindikiza wote wawili hadi mwisho wa kichochoro.

Njiani kurudi nilizirarua kurasa nilizokuwa nimeandika. Nilikuwa nimejaza kasi na mizinga. Nilielewa sasa kwamba kikosi kile kilishikiliwa angani na watu waliokubali kutoiona njia kwa kumwamini mwenzao, na kwamba historia yake haiwezi kuanzia mahali pengine.

Nyumbani, alasiri. Mama alikuwa akichambua mboga. Alitazama mikono yangu kwanza, kama anayekagua iwapo nimebeba kitu. Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye makovu mawili, mboga zilikuwa zimeacha kusogea.

"Kando kwa kando?"

"Kando kwa kando, mama."

"Na Barasa hakuuona mlima."

"Kulikuwa na wingu tu."

Mama akanawa mikono, akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vyake vya kanisani.

"Mama Sela naye wamemwambia mumewe aligongwa," akasema. "Miaka yote hii, maskini, anadhani ni sisi."

Nilitaka kumsindikiza. Akatikisa kichwa, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.